Viti vya VR vya Dar kwa sisi tunaochafukwa roho: kipi kinakalika, na kinakaliwaje

Viti hivi vinakalika hata kwa mtu ambaye roho humchafuka ndani ya daladala ya Mbagala, ila si vyote, na si kwa namna ambayo wengi tunavikalia. Nazungumzia aina tatu za mashine za kwenye kumbi za michezo za maduka makubwa hapa mjini: kiti cha umbo la yai kinachotumika na miwani ya VR (ile inayofunika macho yote na kukuonyesha dunia ya kompyuta kana kwamba umo ndani yake), kibanda cha sinema chenye skrini mbele na viti vinavyotikisika, na kiti cha mbio za magari chenye usukani. Nimevitumia vyote, zaidi ya mara moja kila kimoja, na kichwa changu ni cha wale wanaolewa wakisoma meseji ndani ya gari. Majina ya kumbi siyataji kwa sababu mashine huhamishwa na kubadilishwa. Tathmini yangu ni ya aina ya kiti, si ya mwenye kiti.

Kwanza ieleweke kinachotokea, maana bila hapo dawa zote ni za kubahatisha. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo inayohisi kichwa kikigeuka, na vifuko viwili vinavyohisi kuinama na kusukumwa. Macho nayo hupeleka taarifa zake. Ubongo ukipata taarifa mbili zinazopingana, kigegezi huanza: miayo, mate kujaa mdomoni, jasho la baridi, kisha tumbo. Kwenye boti ya Unguja, hasa msimu wa kusi, sikio linahisi mawimbi lakini jicho limekodolea ukuta wa kabini uliotulia. Kwenye VR mambo yanageuka: jicho linaporomoka mlimani, sikio linasema mbona tumekaa tu. Ndiyo maana mtu anayevuka kwenda Unguja akila karanga bila shida anaweza kutoka kwenye kiti cha VR amekuwa wa kijivu. Na ndiyo maana tiba nazo zimepishana. Kwenye boti unatoka nje kutazama upeo wa bahari. Kwenye VR unafumba macho, na nafuu huanza kuja kwa sababu anayeleta ugomvi pale ni jicho.

Watu wengi hukosea kwenye kuchagua kiti. Wanaona kinachotikisika sana wanakikimbia, wanakwenda kwenye kile kilichotulia. Mtikisiko wenyewe hauna ubaya. Kinachoumiza ni kiti na picha kutokwenda pamoja. Simuleta nzuri, yaani mashine inayoiga mwendo wa chombo, hukaa juu ya jeki sita, na kiti huweza kuinama mbele, nyuma na pembeni, kupanda, kushuka, kusogea na kugeuka. Picha ikionyesha gari linaongeza kasi, kiti huinama nyuma taratibu. Uzito wa mwili wako unakandamiza mgongo kwenye egemeo, jicho linaona mbio, na ubongo unakubali kwamba ni kasi kweli. Kisha kiti hurudi polepole sana, chini ya kiwango ambacho sikio linaweza kukihisi. Viti vingi vya yai nilivyokalia vina jeki mbili au tatu tu. Kuinama vinainama vizuri, tatizo ni kurudi: vinarudi kwa kishindo wakati picha bado inaendelea na mbio, na hapo ndipo tumbo linapochafuka. Kabla hujalipa, simama pembeni utazame mteja mwingine akiwa juu, huku ukiangalia kioo cha nje kinachoonyesha anachokiona. Kona ya picha na mwinamo wa kiti vianze pamoja. Ukiona kiti kinachelewa hata kidogo, au kinatikisika ovyo bila kufuata picha, acha.

Miwani nayo ina mambo yake. Dar kuna joto na unyevu, lenzi hupata ukungu kutokana na jasho la aliyetangulia na la kwako, na picha yenye ukungu huyafanya macho yahangaike kutafuta pa kulenga. Chukua kitambaa kikavu, kausha kwanza paji la uso, kisha mwombe mhudumu afute lenzi. Mkanda ukazwe hadi miwani isicheze ukitikisa kichwa; ikilegea, kila mtikisiko wa kiti unaifanya picha iruke peke yake. Kama kuna kitufe au gurudumu dogo la kusogeza lenzi, lizungushe mpaka maandishi yasomeke vizuri kwa macho yote mawili. Umbali kati ya mboni za macho kwa mtu mzima huwa karibu milimita 63, lakini watu hutofautiana, na miwani iliyoachwa kwenye kipimo cha mwingine huleta maumivu ya macho ndani ya dakika mbili.

Halafu fanya majaribio mawili kabla kiti hakijaanza. Geuza kichwa haraka kushoto na kulia: picha ikiburuzika nyuma ya kichwa chako, vua. Pili, bila kugeuza kichwa, kisogeze pembeni kama sentimita kumi. Ukiona dunia yote ya mle ndani imesogea pamoja nawe badala ya kubaki mahali pake, miwani hiyo inafuata mzunguko wa kichwa tu, haifuati mahali kilipo. Miwani ya namna hiyo hukalika endapo kichwa kitabaki kimeegemea kiti mwanzo hadi mwisho. Ukianza kuinama na kuchungulia, umeisha.

Kuhusu filamu, wahudumu wengi humwanzishia mgeni ile ya treni ya mlimani, inayopanda na kuporomoka kwa kasi, kwa sababu ndiyo inayopigisha watu kelele na kuvuta wapita njia. Sema mapema: “Kaka, naomba unianzishie ile ya polepole.” Zinazonifaa ni zile ambazo unaona fremu ya chombo mbele yako, kama dirisha la ndege au boneti ya gari, kwa sababu jicho linapata kitu kisichohama cha kushikilia. Zinazoumiza zaidi ni zile ambazo kamera inajizungusha yenyewe kushoto na kulia, au inarudi nyuma. Muulize pia kama mtikisiko unaweza kupunguzwa. Kwenye baadhi ya mashine inawezekana, na hawakuambii usipouliza.

Kati ya aina zote tatu, kiti cha usukani ndicho ninachokipa alama za juu kabisa. Dereva halewi kama abiria, kila mtu wa safari za mikoani analijua hilo: mikono ikikata kona, ubongo umeshajiandaa kwa kona hiyo. Ukiendesha mwenyewe unaweza kucheza dakika kumi mahali ambapo kiti cha yai kingekushinda kwa dakika tatu. Sharti moja: tazama mbali barabarani, mwisho wa kona, si pua ya gari, na ukigonga ukuta gari likaanza kuzunguka, fumba macho hadi litulie.

Kibanda cha sinema kiko katikati. Kaa mstari wa kati au wa nyuma, katikati ya mstari. Mstari wa mbele skrini inajaza macho yote na huna pa kupumzikia. Nyuma unaona ukingo wa skrini na taa ya mlango, na vitu hivyo viwili ni nanga. Vikiwa vimewekwa juu ya jukwaa moja linaloinama, viti vya katikati husogea kidogo kuliko vya pembeni.

Hili la kuwapa watu chaguo wenzetu wamelifanyia kazi zamani. Mission: SPACE, ya kwenye bustani ya burudani ya Epcot kule Florida, Marekani, ilifunguliwa mwaka 2003 ikiwa mashine inayozungusha watu hadi wanahisi mkandamizo wa takriban mara mbili na nusu ya uzito wao. Mwaka 2006 wakaongeza upande wa pili usiozunguka kabisa, wa kijani, kwa wasioweza ule wa kwanza unaozunguka, wa rangi ya chungwa. Maelekezo yao kwa abiria ni kuegemeza kichwa na kutazama mbele. Sababu ni ya kimwili: mwili ukiwa unazungushwa, ukigeuza kichwa upande, mifereji ya sikio inapata mizunguko miwili kwa pamoja, na hakuna kitu kinacholeta kutapika haraka kuliko hicho. Kanuni hiyo inafaa Mlimani City kama inavyofaa Florida.

Tumbo. Kumbi nyingi zimepakana na sehemu za kulia chakula, na familia hula kwanza halafu ndiyo watoto wanakwenda kucheza. Geuzeni. Tumbo tupu ni baya, tumbo lililojaa chipsi mayai ni baya zaidi. Ndizi mbivu moja, au vipande viwili vya mkate mkavu, saa moja hadi mbili kabla, vinatosha. Soda ya tangawizi siihesabu kama dawa. Gesi yake inajaza tumbo tu. Tangawizi yenyewe, nusu kijiko cha chai cha unga wake (karibu gramu moja) kwenye maji ya moto nusu saa hadi saa moja kabla, hutuliza kidogo. Nasema kidogo.

Vidonge vipo, na hapa naona makosa mengi. Sinarizini, inayojulikana kwa jina la Stugeron, mtu mzima humeza miligramu 30, yaani vidonge viwili vya 15, saa mbili kabla. Promethazini, Phenergan, ni miligramu 25 saa moja au mbili kabla, na italeta usingizi wa kweli. Mtoto chini ya miaka miwili asipewe promethazini kabisa. Zote mbili hazichanganywi na pombe, na ukishameza usiendeshe chombo, pikipiki ikiwemo. Plasil, ambayo watu huiomba famasi kwa kila kutapika, kwa kichefuchefu hiki haina msaada wa maana. Vilevile dawa za mzio zisizoleta usingizi, kama setirizini na loratadini: hazifanyi kazi hii. Na kidonge chochote kimezwe kabla. Kichefuchefu kikianza, tumbo linapunguza kusukuma vitu kwenda mbele, kwa hiyo utakachomeza wakati huo kitakaa pale pale kikisubiri kutapikwa. Mjamzito, mwenye glakoma, tezi dume au dawa nyingine za kila siku amuulize kwanza mfamasia. Maoni yangu ya wazi: kwa kiti cha dakika tano, promethazini ni kujiharibia siku nzima bure. Iweke kwa ajili ya boti.

Ukiwa juu ya kiti, ishara ya kwanza ndiyo ya kuitii. Kwangu ni mate. Kwa wengine ni joto la ghafla usoni au miayo mfululizo. Hapo hapo fumba macho, kichwa kwenye egemeo, pumua taratibu kwa pua, hesabu hadi ishirini. Kama inapungua, fumbua wakati picha imetulia, si katikati ya kona. Kama haipungui, inua mkono. Kabla ya kuanza mkubaliane na mhudumu kwamba mkono juu maana yake ni simamisha. Usivue miwani ghafla kiti kikiwa bado kinatembea. Kuvumilia hadi mwisho ili fedha isipotee ni kosa kubwa, kwa sababu ukishavuka mstari huo mwili unachukua saa kadhaa kurudi, na safari ijayo utaanza kuchafukwa ukiwa kwenye foleni tu.

Kuzoea kunawezekana, ila kwa dozi ndogo: dakika mbili au tatu, simama ukiwa bado mzima, rudi siku nyingine. Mara tano za namna hiyo zinafaa kuliko saa moja ya kujilazimisha.

Ukishuka, kaa. Dakika ishirini hadi thelathini, penye kiyoyozi au feni ya kukupiga usoni, ukitazama kitu cha mbali kisichohama. Baadhi ya majeshi huwazuia marubani kurusha ndege kwa saa kadhaa baada ya simuleta, na sisi tunatoka hapo tunapanda bodaboda. Kama ni wewe unayeendesha, ngoja zaidi. Kwenye basi la mwendokasi tafuta kiti kinachotazama mbele, na simu ibaki mfukoni.

Watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili ndio wanaochafukwa zaidi, na miwani mingi imetengenezwa kwa nyuso za watu wazima. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha miaka 10 au 13. Mdogo wa hapo mpeleke kwenye usukani au sinema ya skrini. Mwenye kifafa asikalie chochote kati ya hivi.

La mwisho ni chombo cha kutapikia. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na ile ya kitambaa chepesi tunayopewa dukani inavuja. Ya khaki inalowa na kupasuka chini. Chukua kopo tupu la aiskrimu au siagi la lita moja lenye kifuniko kinachobana, weka ndani tishu na kitambaa kibichi, mpe atakayesimama karibu yako alishike likiwa tayari limefunguliwa.