Chujio la mkaa wa vifuu Ngamiani, miezi miwili baadaye

Aisee nilikuwa sina imani na haya machujio ya ndoo, ila mi nafanya batiki uani hapa Ngamiani, Tanga, na maji ya kusuuzia yanatoka ya bluu hatari, majirani washaanza kununa, basi nikajikaza nikanunua moja kwa fundi wa mtaani. Ni ndoo mbili tu, ya juu ina kokoto, mchanga na mkaa wa vifuu vya nazi uliosagwa. Mkaa wenyewe si kama wa jikoni, umechomwa kwa moto mkali na mvuke mpaka ukawa na vitundu visivyoonekana kwa macho, rangi ikipita inanasa humo. Maji yalitoka meupe, shoga yangu akadhani nimebadilisha ndoo!

Ila polepole jamani, ukimimina kwa pupa rangi inapita vilevile, na wiki ya tano yakaanza kutoka kama chai ya rangi, kumbe mkaa umeshashiba. Fundi hakunambia kama unabadilishwa. Na ule wa zamani usimwage bustanini, uchafu wote si uko humo.

Kilichoniudhi ni kuambiwa eti chujio linaondoa na madini ya risasi, ile sumu, kwenye maji ya kisima, ninywe tu. Mkaa kweli unanasa risasi kiasi, lakini risasi yenyewe haina rangi wala ladha, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanataka isizidi miligramu 0.01 kwa lita, sasa bila kupima maabara ntajuaje? Chumvi ya kisima ndo haijaguswa kabisa. Kwa batiki nyota nne, kunywa hapana.