Kadi ya sauti nzuri, duka la hovyo

Naanza na sifa kwa sababu najua hasira itanisahaulisha mbele ya safari: kifaa chenyewe kinatoa sauti safi. Ninazungumzia kadi ya sauti, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta, ambacho nilikinunua Kariakoo baada ya mvua za masika ili nirekodi upya nyimbo za bendi ya Queen nikiwa chumbani kwangu Sinza. Sifa za kiufundi zimeandikwa kwenye boksi, atakaye azisome. Yangu ni tundu la pili la maiki, na maneno niliyoambiwa kwa ajili yake.

Wimbo niliokuwa naushughulikia ni "We Will Rock You" wa mwaka 1977, na asiyewahi kujaribu kuurekodi anaweza kudhani ni kazi nyepesi, kwa kuwa hauna ngoma, hauna besi, na gitaa la Brian May linasubiri hadi karibu na mwisho. Ugumu uko hapo hapo. Kinachobaki ni vishindo vya miguu na makofi, na wenyewe walivirudia mara nyingi na kuvitandaza kushoto na kulia hadi watu wachache wakasikika kama uwanja mzima umesimama. Mtu mmoja chumbani akitaka kukaribia sauti hiyo anahitaji maiki mbili kwa wakati mmoja, yaani matundu yote mawili yawe hai. Nilitafuta ubao mpana wa kukanyaga, nikatundika blanketi ukutani, nikafunga madirisha kwa sababu ya bodaboda, na nikazima feni kwa kuwa maiki inaidaka. Joto la jiji hili mnalijua.

Basi unakanyaga, unapiga makofi, unarudia tena na tena hadi fulana inaganda mgongoni, kisha unavaa hedifoni usikilize. Upande wa kushoto kishindo kimetulia vizuri. Upande wa kulia kila kishindo kinafuatwa na mkwaruzo mfupi, mkavu, kama panya anayetafuna boksi. Nilibadilisha waya, nikabadilishana maiki, nikachomoa chaja ili kompyuta itumie betri na umeme wa nyumba usisingiziwe. Mkwaruzo ulibaki tundu la pili. Maiki ile ile ikihamia tundu la kwanza, kimya.

Nilirudi dukani na kisanduku, waya, risiti na rekodi yenyewe kwenye simu. Muuzaji alisikiliza kidogo sana, akanirudishia simu.

"Kaka, wateja wangu wanarekodi singeli usiku kucha na hawajawahi kulalamika. Labda hiyo roki yenu ndiyo inayokwaruza."

Nilimwomba achomeke maiki yoyote ya dukani kwake asikie mwenyewe, kazi ya dakika chache. Akanionyesha maandishi ya chini ya risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Vijana wake wakacheka. Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukasirika, nikamwambia kwamba hiyo anayoiita roki yetu iliimbwa na Freddie Mercury, mtu aliyezaliwa hapo Zanzibar mwaka 1946, kwa hiyo si muziki wa kudharauliwa na Mtanzania.

"Basi kipeleke Zanzibar," akasema, na akamgeukia mteja mwingine.

Kukataa kurudisha fedha ningeweza kukuvumilia, maana biashara ina mambo yake. Nisichoweza kukivumilia ni mtu kukataa kusikiliza kifaa anachokiuza, katika duka ambalo lina spika hadi darini.

Fundi redio wa mtaani kwetu, mzee mpole asiye na haja na majina ya bendi, alikifungua siku hiyo hiyo. Mguu mmoja wa tundu la pili ulikuwa umeachia kwenye lehemu, hivyo kila ubao ulipotikisa meza nao ulitikisika. Akaulehemu upya kwa bei ya chakula cha mchana. Nilikuwa tayari kusamehe kila kitu hadi aliponigeuzia mfuniko wa chini. "Kijana wangu, mimi si wa kwanza kukifungua," alisema. Vichwa vya skurubu mbili vilikuwa vimekwanguliwa na bisibisi, na karibu na mguu ule palikuwa na tone jingine la lehemu, limewekwa kwa pupa. Boksi nililouziwa lilikuwa na gundi ya kiwandani, au ndivyo nilivyodhani nilipokuwa nalipa.

Tangu siku ile vishindo vinatoka safi pande zote mbili, na nilipoongeza tabaka la mwisho la makofi nilisisimka peke yangu chumbani kiasi cha kuwaamsha wapangaji wenzangu. Kwa sauti hiyo kifaa kinastahili nyota nne, na anayerekodi nyumbani akinunue bila wasiwasi, ila akigeuze kwanza aangalie skurubu kabla ya kutoa fedha. Duka silipi hata nusu. Na nikifikiri vizuri, hizo nne nazipunguza ziwe tatu, kwa sababu kuna mtu kiwandani aliyeuacha mguu ule bila lehemu ya kutosha. Isipokuwa kama ulichokonolewa pale pale Kariakoo, na hapo nyota yake nairudisha, japo kwa shingo upande.