Rejeta ya Probox kutoka Chake: duka, bidhaa, na kazi ya kuifunga uani

Rejeta hii, yaani kile kipozeo cha maji ya injini, nimeinunua kwa shilingi 145,000 katika duka dogo la spea karibu na soko la Chake Chake, na imeshamaliza mwezi mzima wa Ramadhani ndani ya gari yangu ya Toyota Probox bila ya maji kupungua. Ramadhani naitaja kwa makusudi. Mimi nasambaza bofulo, yaani mikate. Miezi myengine gari hutoka baada ya sala ya alfajiri, hewa ikiwa bado baridi, hupita Wete, humalizia Konde na kurudi kwa njia ya Ole. Ramadhani safari hugeuka ikawa ya alasiri. Jua limewaka, kila duka linataka bofulo lake kabla ya magharibi, na milima ya Pemba ya kupanda na kushuka haiipi injini nafasi ya kupumua. Rejeta iliyostahamili hapo naweza kuisifu mbele za watu.

Ile ya zamani ilikuwa ya kiwandani, umri wake ni umri wa gari. Kiini cha rejeta za siku hizi ni alumini, lakini matangi yake mawili ni plastiki nyeusi iliyobanwa kwenye kiini kwa meno ya alumini hiyo hiyo, na katikati pana mpira mwembamba wa kuzuia maji. Plastiki ikipata moto miaka yote hiyo hukauka, hugeuka rangi ya kahawia, mwisho hupata ufa pale pale penye meno. Kwangu dalili zilikuja taratibu. Kidumu cha akiba kilikuwa kinashuka, pakatokea ukoko wa waridi chini ya tangi la juu, na kila nikizima gari nasikia harufu tamu mbele. Ardhini hapakuwa na tone hata moja, kwa sababu ufa ulikuwa ukifunguka wakati wa presha tu, na kinachotoka kikigeuka mvuke hapo hapo. Halafu taa nyekundu ya joto ikawaka nikipanda kutoka bonde la mpunga, kreti zote zimejaa.

"Tia manjano tu," aliniambia muuza duka mmoja wa Konde, kwa nia njema kabisa. Wengine husema yai bichi. Kweli, unga wa manjano na ute wa yai huziba ufa kwa muda, lakini havichagui pa kuziba. Mirija ya rejeta ni myembamba mno, na ya kihita cha ndani ni vivyo hivyo. Ikishajaa matope, maji hayapiti, na gari huchemka zaidi kuliko mwanzo. Mimi sikutia kitu. Niliifungua rejeta, nikaifunga kwa gunia, nikateremka nayo Chake.

Na hapa ndipo duka lilipoupata moyo wangu. Mwenyewe ni mtu mzima, yuko na binti yake anayeshika daftari. Nilimwamkia, nikamwambia nataka rejeta ya Probox. Hakunyanyuka.

"Ya zamani iko wapi, mwanangu?"

"Nimekuja nayo, ami. Iko hapo nje."

"Ilete kwanza, tuione."

Aliilaza juu ya meza, juu ya kipande cha boksi ili mapezi yake, yaani zile bati nyembamba za kupitisha hewa, yasikwaruzike. Binti akaniuliza, "Dada, kwenye kibati cha gari pameandikwaje?" Nikampa: NCP51. Akauliza tena, gia ni za mkono au za otomatiki? Nikasema otomatiki. Sanduku la kwanza walilolitoa lilikuwa limeandikwa MT, yaani la gia za mkono, na mzee mwenyewe ndiye aliyelirudisha nyuma kabla sijasema neno. Ukiziangalia kwa mbali zimefanana kabisa. Tofauti iko chini: rejeta ya gari ya otomatiki ina midomo miwili midogo ya chuma, kwa sababu oili ya gia boksi nayo hupita ndani ya tangi la chini ili ipoe. Ukifunga ya MT kwenye gari ya otomatiki, ile mipira miwili ya oili haina pa kukaa.

Walipoleta yenye AT, mzee aliiweka sambamba na yangu akapima kwa kidole: shingo ya mpira wa juu, shingo ya mpira wa chini, vile vinundu viwili vya kukalia, matundu ya kufungia fremu ya feni. Alinionesha kila kimoja. Hakuwa na haraka, na wateja wengine walikuwapo wakisubiri. Jirani yangu aliagiza ya kwake kwa simu kutoka duka moja la Dar es Salaam, ikaja kwa boti, nauli juu yake, na ilipofunguliwa haikuwa na ile midomo ya oili. Ilibidi irudi ilikotoka, akalipa nauli mara ya pili. Bei ya Dar ilikuwa chini kuliko ya hapa, nakubali, lakini Dar hapana mtu wa kuilaza yako mezani karibu na mpya. Risiti yangu iliandikwa kwa mkono, pamoja na namba ya gari, na chini yake maneno kwamba nikiirudisha ndani ya wiki moja bila ya mikwaruzo watanibadilishia.

Lawama yangu kwa duka ni kofia. Rejeta haiji na kofia, na hawakunambia mpaka nilipouliza. Kofia ya zamani, hata kama inaonekana nzima, springi na mpira wake vimechoka sawasawa na rejeta yenyewe, kwa hiyo nilinunua mpya yenye alama ya 1.1 kama ya mwanzo. Namba hiyo ni presha ambayo kofia huizuia. Maji matupu yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Chini ya presha ya kofia hiyo hayachemki mpaka yakaribie 120. Kofia ikilegea, nyuzi hizo zote unazipoteza, na mlimani utaziona.

Bidhaa yenyewe sasa. Ni rejeta ya kutoka China, sanduku jeupe lisilo na jina la maana, kiini cha alumini na matangi ya plastiki kama ya kiwandani. Meno yamebanwa kwa usawa pande zote. Nilipitisha ukucha mzunguko mzima. Vinundu vya chini viliingia kwenye vikombe vyake vya mpira bila ya kulazimishwa. Unene wa kiini ni sawa na wa ile ya zamani. Mapungufu niliyoyaona: kona moja mapezi yamelala kwa sababu ya ufungaji wa hovyo, nikayanyoosha taratibu kwa ncha ya bisibisi bapa, tundu moja la fremu ya feni limekwenda kando kidogo, bolti ikaingia baada ya kulegeza nyengine zote kwanza, na nati ya plastiki ya kumwagia maji ina mpira mwembamba mno. Huo niliubadilisha kwa ule wa rejeta ya zamani, ambao ulikuwa bado mzima. Kwa bei ile sioni kubwa hapo.

Kazi ya kufungua na kufunga niliifanya mwenyewe uani, kanga kiunoni, mdogo wangu akishika tochi chini ya boneti. Vifaa havikuwa vingi: spana namba 10 na 12, plaizi, bisibisi, beseni pana, na vipande viwili vya boksi. Lililo muhimu kuliko spana zote ni kusubiri injini ipoe kabisa. Kofia ikifunguliwa ya moto, maji hulipuka usoni, na kuungua huko si kwa mchezo. Ukishatoa waya wa hasi wa betri, fungua nati ya chini, maji yaingie kwenye beseni. Beseni hilo usiliache wazi. Kulanti, yaani yale maji ya dawa ya kupozea injini, nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni tamu mdomoni na ni sumu, na uani kwetu kuna kuku, paka na mbuzi wa jirani anayeingia bila ya hodi. Mimi nililifunika kwa ubao na jiwe juu yake, kisha nikayatia maji yale kwenye dumu lenye alama, mbali na kisima.

Mipira ya maji, usiivute. Bana klipu kwa plaizi, irudishe nyuma, halafu uzungushe mpira kushoto na kulia mpaka uachie. Ukivuta kwa nguvu, shingo ya plastiki iliyozeeka hukatika, na vipande vikiingia ndani ya mpira una kazi nyengine ya kuvitafuta. Mipira ya oili ya gia boksi hutoa oili nyekundu. Uwe na vizibo tayari, au bolti safi inayoenea mdomoni, na ujue ni kiasi gani kimemwagika ili urudishe kiasi hicho hicho cha oili ya aina iliyotajwa kwa gia boksi yako. Feni na fremu yake hutoka pamoja baada ya kuchomoa plagi. Vishikizo viwili vya juu vikifunguliwa, rejeta hunyanyuka wima. Mbele yake ipo kondensa ya AC, yaani kipozeo cha gesi ya kiyoyozi, na mabomba yake yana gesi yenye presha, kwa hiyo usiyaguse kabisa. Chomeka kipande cha boksi kati ya viwili hivyo wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha, kwa sababu mapezi ni laini, hulala kwa kuguswa tu, na hukata vidole.

Kurudisha ni njia ile ile kinyume, ila usisahau kuvihamisha vikombe vya mpira vya chini na kuvua vile vizibo vya plastiki kwenye midomo mipya. Kazi ya subira ni kutia maji. Nilitia polepole, kofia wazi, huku nikiuminya mpira wa juu ili hewa itoke. Kisha nikawasha gari, kihita kwenye moto wa mwisho, nikasubiri. Themostati, yaani kile kilango kinachoyaachia maji yapite injini ikipata moto, kwa injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na inapofunguka unaona maji ndani ya shingo yameshuka ghafla na kuanza kuzunguka. Unaongeza, unasubiri feni iwake yenyewe na kuzima yenyewe, ndipo unafunga kofia. Asubuhi, gari ikiwa baridi, unafungua tena kuangalia. Kwangu yalikuwa yameshuka kiasi cha kikombe cha kahawa.

Juu ya maji yenyewe nina la kusema, maana rejeta nyingi za Pemba huuliwa na ndoo. Utasikia: kulanti ni ya nchi za barafu, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Inapandisha kiwango cha kuchemka, na ina dawa ya kuzuia alumini kuliwa. Maji ya visima vya pwani, hasa upande wa maweni wa Micheweni, yana chumvi na chokaa. Chokaa hugandamana ndani ya mirija kama inavyogandamana kwenye birika la chai, na chumvi hula chuma. Nilipoikata mipira ya rejeta ya zamani ya yule jirani, mdomoni palikuwa na tabaka jeupe gumu. Alikuwa akiongeza maji ya kisima kila Ijumaa. Mimi nilinunua kulanti ya waridi iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, isiyohitaji maji juu yake. Mfumo mzima wa injini hii unabeba kama lita tano. Ndani ya gari naweka chupa ya maji ya betri (yale maji matupu yaliyosafishwa, si asidi) kwa dharura. Yanauzwa kwenye vituo vya mafuta, hayana chumvi wala chokaa.

Nje ya rejeta nako kuna adui. Anayeegesha kila siku karibu na bahari, Wete bandarini au Mkoani gatini, aimwagie rejeta maji safi kutoka nyuma kwenda mbele, kwa presha ndogo, ili chumvi na vumbi vitoke kwenye mapezi. Mashine za kuoshea gari zenye presha kubwa huyalaza mapezi yote. Waambieni vijana wasiielekeze hapo.

Duka hufungwa Ijumaa kwa ajili ya sala na hufunguliwa tena alasiri. Hupokea pesa kwa simu. Rejeta za zamani wanazinunua kwa kilo kama skrepa ya alumini, nami yangu niliiacha hapo hapo baada ya kuutoa ule mpira wa nati. Themostati ya Probox hawakuwa nayo siku ile; binti ameiandika kwenye daftari, waiagize kwa boti, na amesema atanipigia.