Steshenari iliyofungia karanga maandishi yangu

Kazi yao ya kubaindi ni nzuri, hilo nalisema mapema ili nisije kuonekana nina chuki. Gundi imeshika, kava limenyooka. Lakini kwa walichonifanyia, bado nina hasira hadi leo.

Nilihamia Dodoma na ofisi, wizara zilipokuwa zinahama kutoka Dar. Jioni zilinishinda, upepo na vumbi tu, nikaanza kuazima vitabu maktaba ya mkoa. Kila kilichonigusa nikawa nakiandika kwenye kaunta buku. Tangu nimalize sekondari sikuwa nimeandika kitu kisichoanza na kumbukumbu namba, na nilikuwa nimesahau kwamba zamani nilikuwa naandika hadi taa inaishiwa mafuta. Buku likajaa. Wenzangu watatu tunaobadilishana vitabu wakasema lichape tusome wote.

Steshenari yenyewe iko upande wa Jamatini, jina naliacha. Dada wa kompyuta alichapa vizuri mno, hata mwandiko wangu aliuweza. Walipoprinti mara ya kwanza wino ukatoka na mistari, wakaprinti upya. Zile zilizoharibika sikuuliza zinakwenda wapi. Nani huuliza?

Siku chache baadaye nikanunua karanga kwa kijana mmoja hapo hapo nje. Nimekula, nakunjua karatasi niitupe, naona neno Zakaria.

Aliyesoma Rosa Mistika, ile riwaya ya Kezilahabi ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, anamjua Zakaria, baba anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Nilikuwa nimemwandikia ukurasa mzima, na katikati ya ukurasa huo nikamwandika baba yangu mwenyewe. Mambo ambayo hata mume wangu sijamwambia. Sasa yako mkononi mwangu barabarani, yamelowa mafuta, chembe za chumvi zimeganda juu ya jina la kijiji chetu.

Nilinunua karanga zote alizobakiza. Nikazimwaga kwenye mfuko, nikakunjua karatasi moja moja. Tano zilikuwa zangu. Zilizokwisha kuuzwa asubuhi sijui ziko kwa nani.

Nikarudi ndani. Kaka wa kaunta hata hakusimama. "Mama, hizo zilikuwa mbovu. Kama ulikuwa unazitaka ungesema." Nikamwambia ni maandishi yangu ya ndani. Akajibu kwa sauti, wateja wamejaa: "Kwani ni siri za serikali?" Watu wakacheka. Pole hakunipa. Neno moja tu, pole, ningeondoka.

Na jamani, hapo ndipo watu wanapeleka hati za viwanja, vyeti vya watoto, majibu ya hospitali. Ukienda, omba kila karatasi iliyoharibika uichane mwenyewe. Au usiende kabisa. Nilikuwa nimeshaamua kuandika hivyo, msiende, basi.

Ila yule dada wa kompyuta alinifuata nje hadi kituo cha daladala. Akanishika mkono, akasema shikamoo mama, naomba unisamehe, mimi ndiye niliyeziweka kwenye boksi la takataka, sikujua wanampa muuza karanga. Halafu akauliza, kwa aibu, kama yule mzee kijijini bado yuko hai. Alikuwa amesoma. Katika watu wote waliosoma ukurasa ule, yeye ndiye wa kwanza kuniuliza kitu.

Nakala nne zinazunguka Area C sasa, moja imefika Ipagala kwa mtu nisiyemjua, na hakuna ukurasa uliochomoka. Kaunta buku la pili limefika nusu. Nitalipeleka pale pale, kwenye zamu ya dada huyo, nisimame kando ya printa hadi karatasi ya mwisho. Nikimkuta yule kaka kaunta, nageuza.