Kamera ina picha safi, betri inacheza ndani: uzoefu wangu, na kaunta iliyokataa kuangalia faili

Usiinunue. Nalitanguliza hilo kwa sababu picha ya kamera hii ni nzuri mno, na huko mbele nitalazimika kuisifu. Sitaki mtu aishie kwenye sifa akimbilie dukani.

Nazungumzia moja ya zile kamera ndogo za kufunga kwenye helmeti, kifuani au kwenye usukani, ambazo mtaani zote huitwa GoPro hata zikiwa za kampuni nyingine kabisa. Yangu siitaji jina. Imefanya kazi kwenye pikipiki ya motokrosi, kwenye baiskeli ya milimani Karura na Hell's Gate nchini Kenya, na ndani ya gari la rali kwenye vumbi la Naivasha, lile laini kama unga wa ngano wanaloliita fesh-fesh. Mambo ya uzito na kina cha maji yameandikwa kwenye sanduku, yasome huko. Langu ni moja: kamera hii hujizima ikitikiswa, na walioniuzia hawakutaka hata kuipima wajue kwa nini.

Kamera hizi hukata kurekodi kwa njia tatu, na kila njia huacha alama yake. Anayeziuza anapaswa kuzijua kama fundi wa matairi anavyojua msumari na kioo.

Kuna joto. Ukirekodi kwa ubora wa juu kabisa ndani ya gari lililofungwa vioo, hakuna upepo wa kuipoza, kamera hutoa alama ya kipimajoto, hufunga faili vizuri, kisha huzimika. Faili hiyo utaifungua na itacheza mpaka sekunde ya mwisho. Kuna kadi ya kumbukumbu. Kadi ikishindwa kupokea data kwa kasi inayotakiwa, kurekodi hukatika lakini kamera hubaki inawaka na kukuandikia kwenye kioo kwamba kadi ina kasoro. Halafu kuna umeme kukatika ghafla. Hapo hupewi onyo wala mlio. Kioo cheusi, na kwenye kadi unakuta faili nzito ya gigabaiti mbili ambayo hakuna kompyuta inayoweza kuifungua. Sababu ni kwamba faili ya MP4 ina faharasa inayoeleza kila fremu, yaani kila picha moja ya video, imekaa wapi, na kamera huikamilisha mwishoni, pale unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, picha zote zimo kwenye kadi lakini njia ya kuzifikia haipo.

Faili zangu nne zilizoharibika zilikuwa za namna hiyo. Zote nne, na zote baada ya kutua kutoka kwenye tuta la kuruka.

Sasa fungua mlango wa betri uangalie. Ndani kabisa kuna pini ndogo zenye springi, na betri inazigusa kwa vibati vyake vya rangi ya dhahabu. Kazi ya mlango, mbali na kuzuia maji, ni kuikandamiza betri ikae imara juu ya pini hizo. Kwenye hii yangu kuna mwanya kati ya betri na mlango. Ni mdogo, hauuoni kwa macho, ila ukiiweka kamera sikioni na kuitikisa unasikia tk, tk, tk. Kwenye barabara ya lami haina neno. Kwenye pikipiki ya silinda moja inayotua kwa kishindo, betri huachana na pini kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na muda huo unatosha.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Washa kamera, anza kurekodi, kisha igonge kiganjani mara kumi, mlango wa betri ukitazama chini. Ikizimika, umeshajua. Yangu ilizimika kwenye pigo la sita.

Nilikwenda nalo hilo dukani, pamoja na faili nne, risiti na sanduku. Kijana wa kaunta hakutaka kompyuta. Alifungua mlango, akaona vumbi jekundu kwenye ukingo wa nje wa mpira wa kuziba mlango, akasema, "Boss, hii imeingia vumbi. Haina waranti." Nikamwambia, ndugu yangu, vumbi liko nje ya mpira, ndani ya mpira ni kusafi, hebu pitisha kidole. Hakupitisha. Akasema nimetumia betri feki. Nikamwonyesha ni ileile iliyokuja kwenye sanduku, namba zinalingana. Nikaomba aigonge kiganjani, mara kumi tu, mbele yangu. Akaisukuma kamera kurudi upande wangu kwa ncha ya kalamu, kama kitu kinachonuka, akasema, "Hizi si za kuchezea kwenye matope."

Sanduku lilikuwa hapo kaunta. Picha iliyochapishwa juu yake ni ya mwendesha pikipiki aliyelowa matope mpaka kwenye miwani.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Kasoro ya mwanya kwenye betri ni kasoro ya kiwandani, inatokea, inarekebishika. Lakini kumwambia mteja ameharibu kitu kwa kukitumia kwa kazi ile ile uliyomuuzia, bila hata kukipima mara moja, huko ni kumdharau mtu. Meneja alipita, akauliza kuna nini, akajibiwa "vumbi," akaendelea na safari yake.

Dawa yake, ambayo wao walipaswa kuijua, ni tepu nyeusi ya umeme. Kata kipande cha upana wa ukucha wa kidole gumba, ubandike kwenye kitako cha betri upande wa mlango, kamwe usibandike upande wa vibati. Tabaka moja la tepu hiyo lina unene wa karibu milimita 0.15. Kwangu zilitosha mbili. Kabla ya kubandika, sugua vibati kwa kifutio cha penseli, upulize mabaki. Funga mlango: unatakiwa usikie ukibana kidogo, lakini ujifunge kwa nguvu ya kidole kimoja. Ukilazimika kuusukuma, ondoa tabaka moja, kwa sababu mlango usiokaa sawasawa unaachia mpira, na hapo vumbi litaingia kweli. Usitumie karatasi ya fedha ya sigara wala kitu chochote cha chuma. Na kama betri yenyewe imevimba, itupe, usiipachike tepu.

Baada ya hapo nimeigonga kiganjani mpaka mkono ukaniuma, na haijazimika tena. Kwa hiyo je, ni kamera mbaya? Siwezi kusema hivyo kwa moyo safi. Picha yake msituni, saa kumi na moja jioni, pale mwanga unapochuja kwenye miti, sijaiona kwenye kamera nyingine ya bei hii. Ila lazima uiongoze mwenyewe. Ukiiachia ijipangie, kwenye kivuli itafungua shata, yaani itapokea mwanga wa kila fremu, kwa muda mrefu, kila fremu itatoka na ukungu, halafu utulizaji wa picha (kamera kuondoa mtikisiko yenyewe) utaunyoosha mwendo na kuuacha ukungu palepale, ukitetemeka. Weka fremu 60 kwa sekunde, shata 1/240 ya sekunde, na uruhusu ISO (kiwango cha kuhisi mwanga) ipande hadi 1600, hata 3200 kwenye kivuli kizito. Chembechembe kidogo kwenye picha zinavumilika. Ukungu hauondoki hata ufanye nini baadaye.

Kwenye baiskeli ifunge kifuani, ikiwa kichwa chini miguu juu, ndivyo mikanda mingi ya kifua ilivyokusudiwa. Kosa la karibu kila mtu ni kupanga pembe akiwa amesimama wima. Ukiteremka unainama, kifua kinatazama ardhi, na video nzima inakuwa gurudumu la mbele na mawe. Panda baiskeli, kaa mkao wa kuteremkia, viwiko nje, kisha inua lenzi mpaka usukani ukae kwenye theluthi ya chini ya picha. Usukani wenyewe usiufungie kamera kama una njia nyingine. Kihisi cha kamera husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na ikitikisika katikati ya kusoma, mistari iliyonyooka hupinda, picha nzima ikacheza kama uji mwepesi kwenye bakuli. Ukilazimika, tumia mkono mfupi kabisa. Kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kucheza, na skrubu ya kukaza kwa vidole italegea, ikaze kwa spana.

Kwa pikipiki, kidevu cha helmeti ndipo mahali pake, penye kuona anachokiona mwendeshaji. Gundi ile ya vibandiko haitaki haraka. Futa helmeti kwa spiriti isiyo na mafuta (spiriti nyingine za vidonda zina mafuta ya nyonyo na huacha utando), acha ikauke, kandamiza kwa sekunde 30, kisha usiiguse. Baada ya saa 24 inakuwa imefika karibu asilimia 90 ya nguvu yake, na nguvu kamili ni saa 72. Wanaobandika asubuhi ya mashindano ndio wanaotafuta kamera kwenye nyasi mchana. Uliza kwanza wasimamizi, maana mashindano mengi hayaruhusu kamera kwenye helmeti kabisa, na wana sababu.

Ndani ya gari la rali, ifunge kwa klempu ya chuma kwenye bomba la keji, ile fremu ya mabomba inayowalinda waliomo gari likipinduka. Kikombe cha kunyonya kioo kiache nyumbani, wakaguzi watakirudisha, na kitu kinachoruka ndani ya gari lililopinduka ni risasi. Zima utulizaji wa picha. Huo hufuata dunia ya nje, kwa hiyo dashibodi na mikono ya dereva vitaonekana vinaelea na kurukaruka huku barabara imetulia. Joto litakusumbua: teremsha ubora hadi 4K fremu 30, zima GPS na mawasiliano ya simu, usirekodi barabara ya kwenda kwenye stechi (kipande cha njia cha kushindania muda). Wapo wanaotoa betri na kuilisha kamera kwa kebo kutoka kwenye gari, kweli inapoa, lakini kebo ikilegea tumerudi palepale kwa faili isiyofunguka. Ukifanya hivyo, ifunge kebo kwenye keji sentimita chache kutoka kwenye kamera, isiwe na uzito wa kuvuta plagi.

Na kadi, kwa sababu kaunta ileile walijaribu pia kuniuzia kadi mpya kama "suluhisho." Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, gigabaiti 45 kwa saa. Kadi yenye alama V30 inahakikisha megabaiti 30 kwa sekunde, inatosha na kubaki. Shida ni kadi bandia, zinazojitangaza gigabaiti 256 na ndani ni 32. Zijaze mpaka mwisho na kuzisoma tena kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, kabla ya siku ya kazi. Yangu ilishapita kipimo hicho. Nilimwambia. Alikuwa ameshaichomoa ile mpya kwenye pakiti.

Kama faili zako zimeshakufa, usirekodi kitu kingine kwenye kadi hiyo. Irudishe kwenye kamera ikiwa na betri iliyojaa, kamera nyingi hujaribu kuitengeneza zenyewe zikiwashwa. Ikishindikana, nakili kadi yote kwenye kompyuta na utumie untrunc, programu ya bure, ukiipa faili nzima iliyorekodiwa na kamera ileile kwa mipangilio ileile iwe kielelezo. Kati ya nne zangu, tatu zimerudi.

Nikisoma nilichoandika naona nimeisifu. Basi niseme hivi: ukiipata kwa mtu, kwa nusu bei, na tepu unayo, ichukue. Dukani kwa bei kamili, kwa watu wale, hapana. Na kwa duka lingine lolote, waambie waifungue mbele yako, waweke betri, uiweke sikioni uitikise. Ukisikia tk, tk, irudi kwenye sanduku pesa zikiwa bado mfukoni mwako.