Lenzi ya Canon EF 70-200mm f/4L kwa anayepiga picha za treni nyikani

Wapiga picha wengi wanaotaka treni ionekane ndogo katikati ya nyika hukimbilia lenzi ya pembe pana, na mimi nilifanya hivyo kwa muda mrefu, mpaka nilipotambua kwamba lenzi ya aina hiyo, inapoipunguza treni, huipunguza pia milima iliyo nyuma yake, na kinachobaki ni anga na uzi mweusi. Lenzi hii ya 70-200mm, ya kuvuta vitu vya mbali, iliyoingia sokoni mwaka 1999 na ambayo niliinunua ikiwa imetumika, hunilazimu kusimama mbali, nayo milima inabaki na ukubwa wake.

Asubuhi moja niliipandisha ukingo wa Bonde la Ufa karibu na Saranda, ambako reli ya zamani, iliyofika Dodoma mwaka 1910, inaiacha tambarare ya Bahi. Uzito wake wa gramu 705 niliuona kuwa neema, kwa sababu begani nilikuwa pia na maji ya kutwa nzima. Treni ya mizigo ilipojitokeza, nilivuta lenzi hadi milimita 135: mbuyu mmoja wa mbele ulikuwa mrefu kuliko urefu wa treni yote ndani ya picha, na bado nilipoikuza nyumbani niliweza kuhesabu behewa moja moja. Kwa picha za namna hii ukali, yaani kuonekana wazi kwa kila kitu kidogo, ndio kila kitu, maana treni isiyo kali hugeuka doa.

Lenzi hii haina kitulizo cha mtikisiko, na upepo wa Dodoma ni mkali, kwa hiyo huning'iniza mfuko wa mawe kwenye stendi ya miguu mitatu. Upande wa Igandu niliihofia treni ya umeme ya SGR, reli mpya ya kisasa, inayofikia kilomita 160 kwa saa. Lakini shata ikifunguka kwa sekunde 1/1000, treni husogea takriban sentimita 4 tu, kiasi kisichoonekana ukiwa umbali wa kilomita mbili.

Mazigazi ya kiangazi ndiyo yasiyo na dawa. Jua likishapanda, reli huanza kucheza na mabehewa kuyeyuka, hata lenzi iwe bora namna gani; mimi huwa nimeshatega kamera saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Asiyependa kubeba stendi atafute toleo la mwaka 2006, lenye kitulizo na gramu 760.