Tulitafuta riwaya ya wadukuzi ya kusoma kikundi, tukaishia kwa kitabu cha senti 75

Kama mnatafuta kitabu cha uhalifu wa kompyuta cha kusoma na watu wengi, ngoja niwaambie kabla hamjatoa hela, maana sisi imetuchukua wiki sita kuchagua na kuna siku karibu kikundi kivunjike juu ya hilo. Chukueni The Cuckoo's Egg cha Clifford Stoll. Ni cha 1989, najua mtasema kizee, na wala sio riwaya, ni kisa cha kweli kabisa kilichompata mwandishi mwenyewe, lakini kinashika mtu kuliko riwaya zote mbili tulizoanza nazo.

Sisi tuko tisa, tunakutana Jumapili mchana huku Kibuli, Kampala. Kitabu tunasoma cha Kiingereza ila maongezi ni Kiswahili, maana hatuna lugha nyingine ya kutuweka wote pamoja: kuna Waganda, kuna Mlugbara, fundi wetu wa cherehani ametoka Bukavu, Afande ni mwanajeshi mstaafu na Kiswahili alikipata kambini, mimi nafundisha Kiswahili sekondari. Kuna kijana anasoma kompyuta Makerere, na kuna mama ana kibanda cha pesa za simu karibu na steji ya boda, huyo nitamrudia. Sasa tafuta kitabu kimoja cha watu kama hao uone kazi yake.

Kilichotufanya tutake mambo ya wadukuzi ni mwalimu mwenzetu. Mwaka jana alilala simu iko sawa, asubuhi haina mtandao, akadhani ni simu mbovu, kumbe usiku mtu amekwenda kubadilishiwa laini kwa jina lake, na mpaka saa sita mchana mshahara ulikuwa umeenda pamoja na pesa ya chama aliyokuwa ametunza. Alizungushwa siku nne, dirisha hili linamtuma dirisha lile. Hakurudishiwa hata shilingi. Alafu Novemba 2024 si mnakumbuka magazeti yalijaa habari ya shilingi bilioni 62 za Benki Kuu ya Uganda, mpaka waziri akasimama bungeni akakubali kwamba akaunti ziliingiliwa ingawa akasema pesa hazikufika kiasi hicho. Kila mtu kikundini alikuwa na maneno lakini hakuna aliyeweza kueleza mwizi anaingiaje. Tukasema basi tusome.

Kijana wa Makerere akaleta Digital Fortress ya Dan Brown, ya 1998. Inakimbia kweli, sura fupi fupi, ukianza huwezi weka chini, mimi nilimaliza nusu kwa usiku mmoja. Shida ni kwamba kitabu chote kimesimama juu ya mashine kubwa ya shirika la ujasusi la Marekani, NSA, mashine inayofungua ujumbe wowote uliofichwa kwa namba za siri, kwa kujaribu funguo zote, yaani namba zote zinazowezekana, mpaka ipate. Kijana mwenyewe aliyekileta ndiye akasema hapana, akachukua karatasi akatuonyesha kwamba ukiongeza biti moja tu, yaani sifuri au moja nyingine, kwenye ufunguo kazi ya kubahatisha inazidi mara mbili, ongeza nyingine mara mbili tena, ukifika biti 256 hakuna mashine ya kumaliza. Baada ya hapo hatukuweza kuogopa tena, na kitabu cha namna hiyo kikikosa kukutia hofu kimebaki na nini? Kusoma peke yako safarini kwenye basi la Arua ni kizuri. Kwa kikundi kiliisha maneno ndani ya nusu saa.

Cha pili kilikuwa The Girl with the Dragon Tattoo cha Stieg Larsson, yule Mswidi aliyekufa 2004 na kitabu kikatoka 2005. Huyu anaandika jamani, na yule msichana Lisbeth anayeingia kompyuta za watu hutamsahau. Lakini kwanza kompyuta humo ni kidogo, kisa chenyewe ni cha msichana aliyepotea zamani kwenye familia ya matajiri, mwanzo unavutwa sana na mambo ya kampuni na kesi ya mwandishi wa habari. Pili, na hii ndio iliyotusimamisha, kuna kurasa za kubakwa zilizoelezwa wazi wazi. Jina lake la Kiswidi lenyewe maana yake ni wanaume wanaochukia wanawake, wangeliacha hivyo hivyo kwa Kiingereza watu wangejua wanaingia wapi. Kikundini kuna dada mmoja alinipigia simu Jumatano usiku akaniambia mwalimu mimi siwezi endelea, na sikumuuliza kwa nini. Tukakiacha siku hiyo hiyo. Sisemi msikisome, nasema waambieni watu mapema kilicho ndani.

Hapo ndio nikaleta cha Stoll, nilikuwa nimekipata kwa wauza vitabu vya mtumba mjini, shilingi elfu 25, jalada limechanika.

Kisa ni hivi. Mwaka 1986, maabara ya Lawrence Berkeley kule California, Stoll ni mwanasayansi wa nyota, pesa ya kazi yake ya nyota imeisha, wanamhamishia chumba cha kompyuta. Wakati huo mtu akitumia kompyuta kubwa analipishwa kwa muda aliotumia. Siku zake za mwanzo bosi anamwambia angalia hesabu, programu mbili za kuhesabu hazikubaliani, kuna tofauti ya senti 75. Senti 75! Mtu mwingine angetoa mfukoni akaenda kula. Yeye anakaa nayo, anafuata, anakuta kuna mtu ametumia kompyuta sekunde chache na hana anwani ya kulipia, na ukivuta huo uzi inakuja kutokea kwamba kuna mgeni ndani, anaingia usiku na mchana, na kutoka hapo anarukia kompyuta za jeshi la Marekani anatafuta maneno kama nyuklia.

Nilipofika hapo kwenye kueleza, mama wa kibanda alikuwa anamenya yai, akaweka chini. Akatoa daftari lake kwenye mfuko, lile la mraba lenye jalada gumu, pembe zimekuwa nyeusi kwa vidole, akafungua kurasa za nyuma. "Mwalimu, huyo jamaa namjua mimi. Floti ikikataa hata kwa mia tano sifungi kibanda." Floti ni ile pesa ya kazi iliyo kwenye simu ya kibanda, na kukataa ni hesabu kutolingana. Akatuonyesha kwa kidole. Mara ya kwanza ilipungua elfu mbili, akajua amekosea chenji, akalipa mfukoni. Wiki iliyofuata elfu tatu. Akalipa. Ya tatu ilikuwa laki nne kwa mpigo. Kumbe kijana aliyekuwa anamsaidia kibandani ameshika namba yake ya siri kwa kumwangalia vidole, na zile elfu mbili mbili alikuwa anajaribu kama mama anaona. "Angeniona nimeshtuka kwa elfu mbili asingefika laki nne." Watu walinyamaza. Kikao hicho kilipaswa kuisha saa kumi na moja, tulitoka giza limeingia.

Na hii ndio sababu nasema kitabu hiki ni cha kikundi. Ndani yake hakuna mtu anayepiga vitufe sekunde kumi akafungua benki. Kuna mtu mmoja mbishi na daftari, anaandika kila kitu na saa yake. Wikendi moja anakusanya printa na mashine kutoka meza za wenzake bila kuomba, anaziunganisha kwenye laini hamsini za simu zinazoingia maabara, analala chini hapo hapo, asubuhi moja ya zile printa imetema kwenye karatasi yote aliyoandika mdukuzi, herufi kwa herufi. Kuna mahali mdukuzi anataka kunakili faili la hatari, na Stoll hawezi kumkatia laini maana atajua anaangaliwa, basi anatoa funguo zake mfukoni anazigusisha kwenye waya ili laini ionekane tu mbovu. Funguo za mlango! Fundi alicheka kwa furaha mpaka akasimama.

Na jina la kitabu nalo lina maana, ni yai la cuckoo, yule ndege anayetaga kwenye kiota cha mwenzake, mwenye kiota analalia akidhani ni lake. Ndivyo mdukuzi alivyofanya, alipata kosa dogo kwenye programu moja, akalitumia kuweka programu yake mahali pa programu ya mfumo, na mfumo ukaiendesha kama ya nyumbani na kumpa madaraka yote juu ya kompyuta. Sijawahi kupata njia rahisi kuliko hii ya kumweleza mtu asiyejua kompyuta, hata wanafunzi wangu wa Senior Two walielewa.

Afande yeye alishikwa na paswadi. Sehemu nyingi mdukuzi hakuvunja kitu, aliingia na majina kama "guest", yaani mgeni, na paswadi zile za kiwandani ambazo hakuna aliyezibadilisha. Alijaribu kompyuta kama 450 na zaidi ya 30 zikafunguka. Afande akasema geti lina askari wawili wana bunduki na dirisha la jikoni liko wazi, hiyo nimeiona kwa macho yangu, na hakutaka kueleza zaidi.

Kinachouma ni kuzungushwa. Anapiga simu FBI, wapelelezi wa polisi wa Marekani, wanamuuliza umepoteza kiasi gani, senti 75, basi hawana haja naye. Majasusi wa CIA, NSA, jeshi la anga, kila mmoja anataka kusikia na hakuna anayetaka kubeba. Mwalimu mwenzetu alipokuwa anasoma kurasa hizo alikuwa anatikisa kichwa tu. Simu zinafuatwa mpaka Hannover, Ujerumani Magharibi, lakini mitambo kule mingine ni ya kizamani, fundi lazima afuate waya kwa mkono na mdukuzi anakaa laini dakika chache tu. Mtego waliomwekea ili akae muda mrefu siwaelezi, someni, ila jueni wazo lilitoka kwa Martha, mpenzi wa Stoll, na ni akili tupu.

Tuseme na mabaya yake. Katikati kinajirudia, simu na simu tena na ofisi ileile, kurasa kama arobaini hivi unaweza pita haraka. Maisha ya nyumbani kwake Berkeley yana maelezo mengi kuliko tuliyotaka. Na teknolojia ni ya zamani, vijana hawajawahi kuona modemu, lazima mtu akae na kueleza kwamba kompyuta ilikuwa inapiga simu kama mtu. Pia mwisho wa kesi hautawaridhisha, yule mdukuzi na wenzake walikuwa wanawauzia siri KGB, majasusi wa Urusi ya Kisovieti, na mwaka 1990, kitabu kimeshatoka, mahakama ya Ujerumani ikawapa vifungo vya nje. Tulibishana sana hapo, wengine wakasema siku hizo sheria zilikuwa bado hazijui kosa lenyewe linaitwaje, sisi angalau tuna ile Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, mwalimu akajibu sheria anayo lakini mshahara hana.

Tulivyofanya: nakala tatu, watu tisa, kila nakala siku nne nne, na kila kikao mtu mmoja anasimulia sura zake kwa Kiswahili kabla ya mjadala ili ambaye hajafikiwa asibaki nje. Sura ni fupi kwa hiyo inawezekana. Msianze na mtu wa kompyuta kusimulia, ataeleza mashine. Anzeni na mtu wa hesabu za pesa.

Tumebakiza kurasa za mwisho, zile za yule mdudu wa Novemba 1988, programu inayojinakili yenyewe, aliyeenea kwenye mtandao na kulemaza maelfu ya kompyuta, hizo tutasoma kwa sauti Jumapili ya mwisho wa mwezi. Kwenye kitabu kuna mapishi ya biskuti za chokoleti, ya kweli na vipimo vyake, fundi amesema ataoka kwa mkaa. Anayesoma ni mwalimu, yule wa laini, ameomba mwenyewe.